KISEYEYE BADO KIPO: TUSISHIBE UGALI TU

Ndugu msomaji, chukua mfano wa mzee anayeishi peke yake. Mke wake amefariki, watoto wako mjini. Asubuhi anakunywa chai ya rangi. Mchana na jioni anasonga ugali, anakula kwa dagaa wakavu au maharage. Tumbo linashiba. Lakini baada ya miezi michache anachoka bila kufanya kazi. Miguu inamwuma. Fizi zinavimba na kutoka damu. Kidonda kidogo cha jembe kinakataa kupona. Majirani wengine wanasema ni uzee, wengine wanasema amerogwa. Kumbe mzee huyu huenda ana kiseyeye.

KISEYEYE NI NINI?

Kiseyeye ni ugonjwa unaoletwa na upungufu wa vitamini C mwilini. Mbuzi na ng'ombe hujitengenezea vitamini hii katika maini yao. Binadamu hawezi. Ni lazima aipate kwenye chakula, hasa matunda na mboga. Tena mwili hauwezi kuiweka akiba kwa muda mrefu. Mtu asipoipata kabisa kwa mwezi mmoja hadi mitatu, dalili huanza kuonekana.

Tazama nyumba ya miti. Fito husimama kwa sababu zimefungwa kwa kamba. Mwili nao una nyuzi zinazoshikamanisha ngozi, fizi, mifupa na kuta za mishipa ya damu. Vitamini C husaidia kutengeneza nyuzi hizo. Ikikosekana, kamba hulegea. Mishipa midogo huvuja damu, meno hulegea, na hata kovu la zamani laweza kufunguka. Mgonjwa asipotibiwa anaweza kufa.

UGONJWA WA MABAHARIA

Zamani kiseyeye kiliua mabaharia wengi, kwa sababu walikula mikate mikavu na nyama ya chumvi kwa miezi mingi. Mwezi Oktoba 1498 Mreno Vasco da Gama aliondoka India kurudi pwani yetu. Walikaa baharini karibu miezi mitatu, na watu wake 30 walikufa. Walipofika Malindi, Januari 1499, wagonjwa walitamani sana machungwa.

Mwaka 1747 daktari Mskoti, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye. Aliwagawa wawili wawili, kila wawili akawapa dawa yao: wengine siki, wengine maji ya bahari, na kadhalika. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu haraka kuliko wote. Mmoja wao alikuwa tayari kwa kazi baada ya siku sita. Hata hivyo, jeshi la majini la Uingereza lilikawia mpaka mwaka 1795 kuagiza mabaharia wake wapewe maji ya malimau.

JE, KIMEKWISHA?

La, hakijakwisha. Mwaka 2017 na 2018 kiseyeye kiligunduliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kwa vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini. Waliumwa na kuvimba miguu hata kutembea kukawa taabu. Huko Sydney, Australia, mwaka 2016 daktari alieleza habari za wagonjwa wa kisukari ambao vidonda vyao havikupona. Baadhi yao walikuwa wakila mboga kila siku, lakini walizipika mno mpaka vitamini C ikaharibika. Walipopewa vidonge vya vitamini C, vidonda vilipona.

Basi si wenye njaa peke yao wanaopatwa. Walio hatarini ni wazee wanaojipikia, walevi wanaokunywa bila kula, wagonjwa wa akili wasioangaliwa, na watu wanaokula chakula kikavu cha aina moja. Mvuta sigara naye anahitaji vitamini C zaidi kuliko mwingine. Mtoto akikosa vitamini hii hukataa kutembea, na hulia akiguswa miguu.

DALILI ZA KUANGALIA

1. Uchovu, na maumivu ya miguu na viungo.
2. Fizi kuvimba, kuwa za zambarau na kutoka damu.
3. Vidoadoa vya damu kwenye ngozi ya miguu, kuzunguka vinyweleo.
4. Kuvilia damu bila kuumia, na vidonda kutopona.

Fizi zaweza kutoka damu kwa sababu nyingine pia. Kwa hiyo usijitibu kwa kubahatisha, nenda zahanati. Mweleze mganga unachokula kila siku, hata asipokuuliza. Kama ni kiseyeye, vidonge vya vitamini C huleta nafuu katika siku chache tu.

TUFANYE NINI?

1. Tule tunda kila siku. Pera moja lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Papai, embe na ubuyu ni vizuri pia.
2. Tuoshe mboga kabla ya kuzikata, tuzipike muda mfupi kwa maji kidogo, na mchuzi wake tusiumwage. Kisamvu kinahitaji kuchemshwa sana ili sumu yake itoke, kwa hiyo tukila kisamvu tuongeze tunda.
3. Mboga zilizoanikwa juani hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C. Wakati wa kiangazi tuzile, lakini tuongeze ubuyu au limao.
4. Choroko au kunde kavu hazina vitamini C ya kutosha. Tukiziloweka na kuziotesha siku mbili tatu, huipata. Tuzipike kidogo tu.
5. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama. Akitimiza miezi sita, aanze kupewa na matunda yaliyopondwa.

Ndugu msomaji, mara nyingi mapera huoza chini ya mti huku jirani yetu anatoka damu kwenye fizi. Tumkumbuke yule mzee anayekula peke yake. Tukipita kwake kumjulia hali, tusiende mikono mitupu. Tumpelekee mapera mawili, na tumtazame fizi zake. Tukiona dalili, tumsindikize zahanati.