Ahadi ya Mapema na Ada ya Chuo

Fungueni vitabu vyenu, tusome polepole.

Leo tutazungumza juu ya vyuo vya Marekani. Jamaa zetu wengi wanakaa huko, na vijana wengine huomba nafasi wakiwa bado hapa Afrika ya Mashariki. Katika jambo hili mzazi hutakiwa kutia sahihi. Asiyesoma vema atatia sahihi asichokijua.

Katika vyuo vingi vya huko iko njia ya kuomba mapema kwa ahadi. Mwanafunzi huchagua chuo kimoja tu. Hupeleka maombi mwezi wa Novemba, na mara nyingi hupata jibu katikati ya Desemba, wakati wenzake wangojea mpaka Machi. Lakini huahidi kwamba akikubaliwa atakwenda chuo hicho, na maombi yake ya vyuo vingine atayafuta. Mzazi na mshauri wa shule nao hutia sahihi.

Taabu iko wapi? Iko katika bei. Aliyekubaliwa na vyuo vitano hulinganisha barua tano. Aliyeahidi ana barua moja tu.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme ada, chumba na chakula kwa mwaka ni dola 80,000. Chuo kinatoa msaada usiorudishwa dola 50,000, mkopo dola 5,500, na kazi ya mwanafunzi dola 2,500. Jumla ni dola 58,000. Zinabaki dola 22,000 za kutoka nyumbani. Kwa miaka minne ni dola 88,000. Tena angalieni: mkopo si zawadi, utalipwa pamoja na riba, na fedha za kazi hazipatikani mpaka kazi ifanywe.

Je, aliyeahidi amefungwa kabisa? La. Msaada usipotosha kumwezesha kusoma, desturi ya vyuo ni kumfungulia ahadi yake. Lakini kwanza aiandikie ofisi ya misaada ya chuo, upesi, aombe hesabu itazamwe tena. Aeleze wazi: mshahara umepungua, au yuko mgonjwa wa kutibiwa. Na kama ameomba msaada, asifute maombi mengine kabla barua ya fedha haijafika. Vyuo vingi huruhusu hivyo.

Dawa bora ni ya kabla ya sahihi. Tangu mwaka 2011, sheria ya Marekani inavitaka vyuo vinavyopokea misaada ya serikali kuu kuweka katika intaneti kikokotoo cha bei. Mzazi hujaza mapato yake, naye hupata makadirio ya atakacholipa. Lakini kijana anayekwenda kwa visa ya masomo ajue kwamba msaada wa serikali kuu haumfikii. Yeye aulize chuo chenyewe kwa maandishi kinawasaidiaje wageni.

Wazee walisema, ahadi ni deni. Basi tujue kiasi cha deni kabla ya kuahidi. Familia isiyoweza kulipa bila kulinganisha barua, heri ingoje maombi ya kawaida.

Maswali:
1. Nani hutia sahihi ahadi hii?
2. Katika dola 58,000 za mfano wetu, ni ngapi zisizorudishwa wala kufanyiwa kazi?
3. Msaada usipotosha, mwanafunzi aanze na nini?