Mzee na katalogi ya zamani: Je, kukumbuka ya kale ni ugonjwa?

Msomaji, je, kuna mzee nyumbani kwako ambaye mazungumzo yake yote ni ya miaka iliyopita? Usimkasirikie, wala usikate shauri upesi kwamba akili zake zimeharibika.

Kijana mmoja wa Garissa aliniletea babake, karani mstaafu aliyepita miaka sabini. "Daktari, baba anatupotea," akaniambia. "Kutwa anakaa chini ya mwarobaini akifunua katalogi ya nguo ya Uingereza ya mwaka 1969."

Nilimwuliza mzee amekula nini asubuhi. Akajibu sawasawa: anjera na chai ya maziwa. Alijua tarehe, na bei ya sukari pia. Kisha akanionyesha ukurasa wa mashati, bei zikiwa za pauni, shilingi na peni. Siku hizo, alisema, mtu alituma agizo na pesa kwa posta, kisha akangoja miezi kabla ya kifurushi kufika. Mshahara wake uliruhusu shati moja tu, lakini yeye na mkewe walikaa jioni nyingi wakichagua vitu ambavyo hawangeweza kununua. Mkewe alifariki miaka miwili iliyopita.

Hapo nilielewa kwamba mzee hakuwa akitafuta shati.

Hamu hii hata sisi madaktari tuliwahi kuiita ugonjwa. Mwaka 1688 Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari mjini Basel, Uswisi, aliwaeleza watu waliodhoofika kwa kutamani kwao wakiwa ugenini. Aliupa ugonjwa huo jina kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, la kurejea nyumbani na la maumivu.

Leo tunajua zaidi. Utafiti wa wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, na wenzao, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba mara nyingi hamu ya zamani huamshwa na upweke, na kwamba humfanya mtu ajihisi kuwa karibu tena na watu wake. Ni kama kovu la kidonda: dalili kwamba mwili unajitibu.

Wala mzee huyu si peke yake. Duka la Sears la Marekani lilikomesha katalogi yake kubwa mwaka 1993, na Argos la Uingereza mwaka 2020. Hata hivyo kuna watu wanaotafuta na kununua nakala kuukuu, ili waone tena picha walizozitazama utotoni.

Lakini dawa yoyote ikizidi hudhuru. Katika kambi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991 na 1992, Wasomali wana neno buufis, yaani hamu kali ya kuhamia ng'ambo. Ikimshika mtu sana hukosa raha ya maisha aliyo nayo. Moyo ukiishi jana au kesho tu, leo hubaki bila mwenyewe.

Mpeleke mzee wako hospitalini ukiona haya:

1. Anakumbuka ya zamani lakini anasahau ya leo, anarudia swali lile lile au anapotea njia aliyoizoea. Huenda ni ugonjwa wa kusahau.

2. Kwa wiki mbili au zaidi ana huzuni, halali vizuri, hali chakula na hafurahii chochote, hata hiyo katalogi.

3. Anasema afadhali afe. Usingoje wiki mbili. Mpeleke siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake.

Kama hakuna dalili hizo, tiba iko mikononi mwako. Keti naye. Mwulize picha ile inamkumbusha nani. Waite wajukuu wasikilize. Mwendee pia rafiki yake wa zamani, umlete wanywe chai pamoja.

Yule kijana sikumwandikia babake tembe hata moja. Nilimwomba aketi na babake chini ya mwarobaini kila jioni kwa nusu saa. Waliporudi baada ya mwezi, kijana ndiye aliyenisimulia habari za lile shati: mamake ndiye aliyelichagua, na rangi yake ilikuwa samawati. Hakuwa amewahi kuuliza.