Viola nayo ni kazi

Mtu akiuliza mjini Masinga viola ni nini, pengine atajibiwa kwamba ni fidla. Si kosa kubwa. Viola ni nduguye fidla, mwenye umbo lile lile ila limepanuka kidogo, na sauti yake ni ya chini zaidi. Wanakwaya wetu wa makanisani watanielewa upesi nikisema kuwa viola ndiyo alto ya okestra. Wafaransa huiita kwa jina hilo hilo. Alto haishangiliwi, lakini ikinyamaza wimbo hubaki na kichwa na miguu bila kiwiliwili.

Nayaandika haya kwa sababu mwanafunzi mmoja wa huku kwetu aliniuliza, kwa haya, iwapo mtu aweza kuishi kwa kazi hiyo. Nilimtajia William Primrose, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1904. Alianza na fidla, akaigeukia viola, na mwaka 1937 akajiunga na okestra ya redio ya NBC huko Marekani, chini ya Toscanini. Ndiye aliyemwomba Bartók amtungie konserto ya viola. Bartók alifariki mwaka 1945 kabla ya kuimaliza; Tibor Serly akaikamilisha, na Primrose akaipiga kwa mara ya kwanza mwaka 1949. Lakini mtu huyo huyo, angali kileleni, alikuwa mwalimu huko Philadelphia, na baadaye akafundisha katika Chuo Kikuu cha Indiana. Ualimu kwake haukuwa kimbilio la walioshindwa ukumbini.

Hapa Kenya mwenye kuishika viola hana budi kutegemea darasa zaidi ya ukumbi. Nairobi Orchestra ipo, ila wengi wa wapigaji wake wana kazi nyingine za kuwalisha. Kenya Conservatoire of Music imefundisha tangu mwaka 1944. Na katika mtaa wa Korogocho, Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics mwaka 2008. Baadhi ya watoto waliojifunza pale sasa wanawafundisha wadogo wao. Huo ndio mwanzo wa kazi, ingawa hauna makofi mengi.

Kinachonikera ni kwamba yote hayo yako Nairobi. Mtoto wa Masinga aweza kung'ara kwa ngoma ya kilumi katika mashindano ya muziki, kisha akarudi shuleni asimpate mtu wa kumsomesha nota. Tangu Januari 2026 sekondari ya juu ina mkondo wa sanaa na michezo, nasi tumeupokea kwa vifijo. Je, walimu watatoka wapi? Mkondo mkavu twaujua sana huku, sisi tunaobeba mitungi ilhali bwawa kubwa la Tana limekuwepo tangu mwaka 1981.

Mwanafunzi wangu yumo kwenye kwaya, sauti ya alto. Nimemchorea ufunguo wa alto kwenye karatasi, naye anausoma kila jioni. Viola yenyewe bado hatujaipata.