Bodaboda wa mkataba anahitaji akiba kuliko mwenye pikipiki yake

Vijiwe vya bodaboda vya Dar es Salaam vina aina mbili za vijana wasiomiliki pikipiki. Wa kwanza anapeleka hesabu kwa bosi kila siku na chombo hakitakuwa chake kamwe. Wa pili yuko kwenye mkataba: hesabu yake ni kubwa zaidi, lakini akimaliza, kwa kawaida baada ya mwaka hivi, pikipiki ni yake. Mkataba ni mkopo, ingawa neno hilo halitajwi.

Tuupigie hesabu kwa mfano. Pikipiki dukani ni shilingi 2,800,000. Mkataba ni 12,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, wiki 52. Jumla ni 3,744,000, yaani bosi kapata 944,000 juu ya bei. Ukigawanya haraka utasema riba ni asilimia 34. Sivyo. Deni linapungua kila siku, na kufikia katikati ya mwaka kijana anadaiwa takribani nusu tu, huku malipo yake yamepangwa kana kwamba bado anadaiwa lote. Riba halisi inakaribia asilimia 60 kwa mwaka.

Hapo mshauri wa fedha wa redioni atasema: weka akiba, ununue taslimu. Ushauri mzuri kwa mwenye mshahara. Kijana wa hesabu ya kawaida, tuseme 8,000 kwa siku, akiweka pembeni ile tofauti ya 4,000 kati yake na ya mkataba, atahitaji siku 700 za kazi, zaidi ya miaka miwili, na katika muda huo atakuwa amempa bosi 5,600,000 bila kubaki hata na tairi. Kusubiri nako kuna bei. Kwa hiyo mimi, ambaye kwa kawaida naiogopa riba ya namna hii, ningemwambia asaini.

Ila asisaini mikono mitupu. Mikataba mingi ya mtaani inampa bosi haki ya kuchukua chombo hesabu ikikatika siku kadhaa, na kilicholipwa kimekwenda. Aliyefika mwezi wa tisa ana cha kupoteza zaidi kuliko aliyeanza jana, lakini malaria haiulizi umefika mwezi wa ngapi. Siku nne kitandani, injini ikigoma wiki inayofuata, na kijana anakimbilia mkopo wa kausha damu: anachukua 100,000, anarudisha 130,000 mwezi huohuo. Mkopo huu hauongezi abiria hata mmoja. Unaziba pengo la wiki hii kwa kutoboa jingine mwezi ujao. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, lakini mwenye shida usiku haulizi leseni.

Akiba ya kuzuia balaa hilo si kubwa. Hesabu ya wiki tatu ni 216,000. Kwa 2,000 kila siku ya kazi, inatimia katika siku 108, miezi minne na ushee. Ni bora aanze kuiweka angali kwenye hesabu ya kawaida, kabla mkataba haujamkaba.

Wapi aiweke? Kwenye simu inatoka kirahisi mno. Kikoba kinambana vizuri, tatizo ni kwamba hisa hazitoki mpaka kivunjwe mwisho wa mwaka. Lakini vikoba vingi vina mfuko wa jamii kwa ugonjwa na msiba, na mwanachama anaweza kukopa kulingana na hisa zake. Riba anayolipa inaingia kwenye chungu ambacho naye atagawiwa. Kwa dharura ya injini, sijaona mkopo wa mtaani unaoukaribia huo.

Na kabla ya kusaini, adai mambo mawili kwa maandishi: siku ngapi za kuchelewa anaruhusiwa akiugua, na lini kadi ya pikipiki itahamia jina lake. Hesabu aitume kwa simu, si mkononi, ili kila malipo yabaki na ujumbe wa kuonyesha.