Benjamin Ayimba, kocha aliyeifundisha Kenya kuwapiga wakubwa wa raga

LUBUMBASHI – Hapa kwetu, ukitaja Kenya, mtu wa kwanza utakayekutana naye atakuuliza: Kenya gani? Ile ya soko na uwanja wa Kibasa Maliba, ao ile ya Nairobi? Na ukiongeza neno raga, yaani rugby, wengi watageuza maneno haraka kurudi kwenye Mazembe na Lupopo. Si kosa lao. Mji huu ni wa kabumbu tangu zamani. Lakini kuna mtu mmoja wa raga ambaye habari yake wapenzi wa michezo wa Katanga wangeielewa bila kuwa na haja ya kujua kanuni zote za mchezo huo. Jina lake ni Benjamin Otieno Ayimba.

Siku ya kumkumbuka ni tarehe 17 Aprili 2016, huko Singapore. Kenya inaingia fainali ya mashindano ya dunia ya raga ya wachezaji saba dhidi ya Fiji. Fiji ni visiwa vidogo vya Pasifiki, watu wake hawafikii milioni moja, lakini katika raga ya wachezaji saba wao ndio kama Brazil katika kabumbu. Mwaka ule walibeba taji la msimu mzima, na miezi minne baadaye wakachukua medali ya dhahabu ya Olimpiki. Siku ile Kenya iliwapiga 30 kwa 7. Collins Injera alifunga mara mbili. Lilikuwa taji la kwanza la Kenya katika mzunguko huo, na kwa Afrika yetu ni Afrika Kusini peke yake iliyokuwa imewahi kushinda mashindano kama hayo mbele yake. Waliokesha hapa Lubumbashi mwezi wa Desemba 2010, wakati Mazembe ilipoipiga Internacional ya Brazil 2 kwa 0 huko Abu Dhabi, wanajua ladha ya usiku wa namna hiyo.

Kwa asiyejua mchezo huu: wachezaji ni saba kila upande, lakini kiwanja ni kilekile kikubwa cha watu kumi na watano. Kwa kawaida kila kipindi ni dakika 7 tu. Kubeba mpira na kuuweka chini nyuma ya mstari wa adui, jambo ambalo kwa Kifaransa tunaliita essai na Wakenya wanaita trai, ni pointi 5. Nafasi ni kubwa, watu ni wachache, mapafu yanawaka. Ukikosa kumkamata mtu mmoja, basi, ameenda. Kwa hiyo kocha hana muda wa kurekebisha mambo mechi ikiwa imeanza. Kazi yake inafanyika zamani, kwenye mazoezi.

Ayimba hakuja kwenye kazi hiyo akitoka kwenye vitabu. Alikuwa mchezaji, namba 8, mtu wa mbele anayesukuma na kubeba mpira katikati ya miili ya wengine. Alivaa jezi ya Kenya katika raga ya watu kumi na watano na ile ya saba, akawa nahodha, na alicheza pia Uingereza katika klabu ya Cornish Pirates. Mwaka 2006, akiwa hajafikisha miaka 30, alipewa timu ya taifa ya wachezaji saba.

Matunda yalionekana mwaka 2009. Mwezi wa Machi, kwenye Kombe la Dunia huko Dubai, vijana wake, nahodha wao akiwa Humphrey Kayange, waliitoa Fiji katika robo fainali kwa 26 kwa 7. Katika nusu fainali Argentina iliwasimamisha, 12 kwa 0. Mwezi uliofuata walifika fainali ya Adelaide, Australia, wakapoteza mbele ya Afrika Kusini. Msimu huo Injera, ndugu yake Kayange, alifunga trai 42, kuliko mchezaji yeyote duniani.

Mwaka 2011 Ayimba aliondoka. Baadaye kazi ikaenda kwa wageni: Mike Friday kutoka Uingereza, kisha Paul Treu wa Afrika Kusini. Tuseme ukweli, Friday hakufanya vibaya: chini yake Kenya ilifika tena nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2013. Lakini wageni walipokwenda, mwaka 2015, nani aliitwa? Mtoto wa nyumba. Sisi Wakongomani mabishano hayo tunayajua vizuri. Florent Ibenge aliipatia Congo nafasi ya tatu ya CAN 2015 na kombe la CHAN 2016 kule Kigali, lakini kila mara kiti cha Léopards kinapobaki wazi, kuna wanaoanza kuangalia kwanza upande wa Ulaya.

Aliporudi, Ayimba alikuta deni kubwa: Olimpiki. Raga ilikuwa inarudi Olimpiki kwa mara ya kwanza tangu 1924, na hapa Afrika, Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kupata tiketi yake kwa njia nyingine. Ilibaki nafasi moja ya moja kwa moja. Novemba 2015, karibu na Johannesburg, Kenya iliipata kwa kuishinda Zimbabwe 21 kwa 17. Pointi nne tu. Kwa maoni yangu, mechi ile ilikuwa nzito kuliko fainali ya Singapore, kwa sababu siku ile hakukuwa na nafasi ya kujaribu tena wiki ijayo.

Halafu Rio. Yule aliyeipiga Fiji mwezi wa nne alifika Brazil mwezi wa nane na kupoteza mechi zote tatu za kundi: Uingereza, New Zealand, hata Japani. Kenya ilimaliza ya 11 kati ya timu 12. Kabla mwaka haujaisha, timu ilikuwa mikononi mwa Innocent Simiyu, naye pia mchezaji wa zamani wa taifa. Miezi michache tu kutoka kubebwa mabegani hadi kuondoka. Kazi ya kocha ndiyo ilivyo, hata kama inauma kuiandika.

Ayimba alifariki tarehe 21 Mei 2021 katika hospitali kuu ya Kenyatta, Nairobi, akiwa na umri wa miaka 44. Hakuuawa na ajali wala na Covid iliyokuwa inatisha watu wakati ule. Ni malaria iliyopanda kichwani. Palu. Ugonjwa ule ambao hapa Lubumbashi mtu anaumwa asubuhi, ananunua vidonge kwa dirisha la duka la dawa, na jioni anasema itapita. Congo yetu ni ya pili duniani, nyuma ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa malaria. Na ikifika kwenye ubongo, mgonjwa anaanza kuchanganyikiwa, anatetemeka, anazimia, na hapo saa chache tu za kuchelewa zinaweza kuondoa hata mtu mwenye mwili wa namba 8. Familia yake ililazimika kuomba msaada wa watu kwa ajili ya gharama za matibabu.

Hadi siku aliyofariki, Kenya ilikuwa haijashinda taji jingine la mzunguko wa dunia zaidi ya lile la Singapore. Mwaka huohuo, Humphrey Kayange, nahodha wake wa Dubai, aliingizwa katika jumba la heshima la raga duniani, Mkenya wa kwanza kufika hapo.