Ramani ina lugha yake, tujifunze kuisoma

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Mpenzi msikilizaji, tulipokuwa shule ya msingi wengi wetu tulikariri mambo matano ya ramani: kichwa, fremu, ufunguo, dira na kipimio. Tuliyajibu katika mtihani, tukapata alama zetu, na tukayaacha palepale darasani. Leo mtu anatoka mjini kwenda kutafuta shamba huko mpakani Horohoro. Anaoneshwa mahali tambarare, pakavu, karibu na barabara, naye analipa fedha zake za kiinua mgongo bila ya kutazama ramani yoyote. Mvua zinapoanza ndipo anapotambua kuwa amenunua njia ya maji.

Kwa hiyo wiki hii tuzungumze juu ya ramani zinazoonesha sura ya nchi, yaani milima, mabonde, mito na barabara. Horohoro na iwe darasa letu.

Tuanze na kipimio. Ramani zinazotumika sana kwa kazi hii ni zile za 1:50,000. Maana ya tarakimu hizo ni kwamba kila kitu kimepunguzwa mara 50,000. Sentimita 1 katika karatasi ni mita 500 ardhini, na sentimita 2 ni kilomita 1. Barabara ya lami kutoka Tanga hadi Horohoro ina kilomita 65. Katika ramani hiyo urefu wake ni sentimita 130, wala haienei katika karatasi moja, kwa sababu karatasi moja hufunika eneo la kilomita 27 hivi kila upande. Na kwa kuwa barabara ina kona, usiipime kwa rula. Chukua uzi, ulaze juu ya barabara ukifuata kila kona, kisha unyooshe uzi huo kwenye kipimio kilichochorwa chini ya ramani.

Sasa tuje kwenye mistari ya rangi ya kahawia, ambayo ndiyo inayowatatiza wengi. Inaitwa kontua. Kila mstari unaunganisha mahali penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Mtu wa pwani hapaswi kupata taabu hapa. Maji yanapokupwa huacha mstari wa takataka na majani ufukweni, na mstari huo hupinda kila mahali ufuko unapopinda, lakini usawa wake ni ule ule. Fikiria mistari ya namna hiyo ikiuzunguka mlima mzima, mmoja juu ya mwingine, nawe unautazama kutoka angani. Hizo ndizo kontua.

Mistari ikikaribiana, hapo ni mteremko mkali. Ikiachana, hapo ni tambarare. Katika nchi ya pwani kuelekea Horohoro mistari imeachana. Peleka kidole magharibi hadi Usambara, nayo inabanana kama nyuzi za mkeka. Kontua inapovuka mto hupinda kama herufi V, na ncha ya V hiyo huelekea kule maji yanakotoka. Mstari wa buluu uliokatikakatika ni mto wa msimu: kiangazi utaona mchanga tu, na masika utaona maji. Mnunuzi wetu wa shamba angeuona mstari huo, pamoja na kontua zinazopinda juu yake, pengine asingelipa.

Tutazame Mto Umba. Unaanzia katika milima ya Usambara, yenye vilele vya zaidi ya mita 2,000, unateremka katika nchi kavu, unavuka mpaka na kupita karibu na Lunga Lunga, kisha unaingia baharini karibu na Vanga nchini Kenya. Mwenye kusoma kontua anaelewa mara moja kwa nini watu wa Vanga wanaweza kufikwa na mafuriko ilhali kwao mbingu ni nyeupe. Mvua imenyesha Usambara.

Jambo jingine ni umri wa ramani. Soma maandishi ya pembeni ujue ilichorwa mwaka gani. Karatasi nyingi zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege miaka mingi iliyopita. Utakuta mashamba ya mkonge ambayo leo ni vichaka, na hutaiona lami ya Horohoro, ambayo ilikamilika katika miaka ya 2010. Vilima havihami, lakini njia huhama.

Wengine watasema, siku hizi simu inatuonesha kila kitu. Ni kweli inasaidia sana, lakini tahadhari. Ramani hizo za zamani zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, na simu hutumia mfumo wa WGS 84. Vipimo vya simu vikihamishiwa katika ramani ya zamani bila ya kugeuzwa, huangukia kando kwa mita zipatazo 300. Mahali pengine mita 300 ni kwa jirani. Horohoro mita 300 zaweza kuwa nchi nyingine.

Na mpaka wenyewe una somo lake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mstari uanzie mlangoni mwa Mto Umba, uende hadi Ziwa Jipe, uzunguke Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha unyooke hadi Ziwa Viktoria. Baadaye mwanzo wake ulisogezwa hadi Ras Jimbo. Utazame katika ramani: unakata mabonde na mito bila ya kujali kontua hata moja, na Wadigo wamebaki pande zote mbili. Waliouchora hawakuwa wameiona ardhi hiyo. Hata leo ramani nyingi za namna hii huandikwa pembeni kwamba zenyewe si ushahidi wa mwisho wa mipaka. Mpaka wa nchi huamuliwa na mikataba na alama zilizosimikwa ardhini. Mpaka wa shamba lako nao huthibitishwa na serikali ya kijiji na mpima ardhi.

Basi, msikilizaji, kabla hujatoa fedha, nunua au azima ramani ya mahali hapo. Soma umri wake, kipimio chake na kontua zake. Kisha nenda nayo shambani, umtafute mzee wa hapo na umuulize: "Mzee, shikamoo. Masika maji hupita wapi?" Maneno yake na kontua zako yakikubaliana, endelea. Yasipokubaliana, funga mfuko wako. Kuuliza si ujinga.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.