Kabla ya kumletea mtoto sungura, paka au mbwa

Shule zikifungwa, maombi ya watoto nyumbani huongezeka, na mojawapo ya yale yanayorudiwa sana ni la mnyama: sungura, paka mdogo, mtoto wa mbwa, wakati mwingine kobe aliyeokotwa njiani. Wazazi wengine hukubali upesi kwa kuwa mnyama mdogo huonekana zawadi rahisi kuliko baiskeli. Lakini baiskeli ikisahauliwa nyuma ya nyumba kwa wiki 2 haifi, wala haimng'ati mtu.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa, miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Huduma za mifugo na za afya ziko kwetu pia. Kwa hiyo mnyama anayeingia nyumbani mwako Mtwapa, Ganze au Magarini ni jambo linaloihusu kaunti, hasa pale panapokuwa na mtoto mdogo.

Tuanze na lile ambalo wazazi wengi hulikwepa. Mnyama anaponunuliwa "kwa ajili ya mtoto", mwenyewe hasa ni mtu mzima. Mtoto wa miaka 3 au 4 hawezi kukumbuka kila siku kwamba bakuli la maji limekauka, na hajui bado kwamba kubana sana kunaumiza. Anaweza kusaidia: kubeba majani, kumimina maji huku mama au baba akitazama, kuhesabu samaki. Wa miaka 7 au 8 anaweza kupewa kazi moja ya kudumu, na bado mtu mzima akague jioni. Kama hakuna mtu mzima nyumbani aliye tayari kwa kazi hiyo, jibu la haki kwa mtoto ni "bado", na si vibaya kulitoa.

Maswali mengine ya mwanzo hayahitaji maelezo marefu. Kama mnakodi nyumba, mwulizeni mwenye nyumba kwanza. Kama mtoto ana pumu au hupata vipele akigusa manyoya, mwulizeni mhudumu wa afya. Hesabuni pia gharama ya mwaka mzima: chakula, chanjo, dawa ya minyoo na kufungwa uzazi. Bei ya kumnunua huwa ni sehemu ndogo tu.

Sungura

Ndiye anayeombwa sana, na wengi wetu humjua vibaya. Watu humdhani mpole anayependa kukumbatiwa. Ukweli ni kwamba sungura ni mnyama wa kuwindwa, na akiinuliwa kutoka chini hushtuka kana kwamba amekamatwa. Hupiga mateke kwa nguvu, na uti wake wa mgongo unaweza kuvunjika kwa teke lake mwenyewe au kwa kuangushwa na mtoto. Kumbeba kwa masikio, jambo linaloonekana sana sokoni, ni kumtesa. Akibebwa, mkono mmoja uwe chini ya kifua na mwingine uyashike makalio. Kwa mtoto mdogo ni bora zaidi akae chini sakafuni, amwache sungura aje mwenyewe.

Asichukuliwe kabla ya kufikisha wiki 6 hadi 8, kwa sababu kabla ya hapo bado anamtegemea mama. Meno yake hayaachi kukua, kwa hiyo anahitaji kutafuna nyasi kavu kutwa nzima, na nyasi hizo ndizo ziwe sehemu kubwa ya chakula chake. Karoti ya kwenye vitabu vya picha ni kitoweo cha mara moja moja. Kabichi nyingi humvuruga tumbo, na nyasi mbichi zilizorundikwa zikaanza kuchacha zinaweza kumuua.

Huku Pwani kuna tatizo jingine: joto. Sungura hatoki jasho kama sisi, hupunguza joto la mwili hasa kupitia masikio. Kizimba cha mabati kilichowekwa juani mchana wa Februari ni tanuri. Kiwekwe chini ya mwembe au kwenye baraza lenye upepo, kiezekwe makuti, na maji yasikose. Chupa ya maji ya barafu iliyofungwa kitambaa na kulazwa ndani ya kizimba husaidia sana saa za adhuhuri.

Na msiwachukue wawili bila kujua jinsia zao. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, na jike anaweza kupandwa tena muda mfupi tu baada ya kuzaa. Sungura wachanga ni vigumu kuwatambua, kwa hiyo afisa wa mifugo awaangalie.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likiandikwa katika miongozo, nalo huleta machozi mengi. Sungura ni nyama pia, na familia nyingi hufuga kwa nia zote mbili. Si kosa. Kosa ni kumwambia mtoto "huyu ni wako", akampa jina, kisha sikukuu ikifika akamkuta kwenye sufuria. Amueni mapema na mumwambie mtoto ukweli. Watoto walio katika vilabu vya 4-K shuleni hulielewa hilo vizuri kuliko tunavyodhani, mradi waambiwe tangu mwanzo.

Simbilisi, samaki na vifaranga

Simbilisi, yule mnyama mnene asiye na mkia anayefanana na panya mkubwa, hajulikani sana kwetu kama kule magharibi mwa nchi. Nikiulizwa, yeye ndiye ningemtaja kwanza kwa mtoto wa miaka 6 au 7. Ni mtulivu, huamka mchana watoto wanapokuwa macho, na ni nadra kuuma. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, sawa na wetu, kwa hiyo ni lazima ale mboga za majani kila siku: sukuma wiki kidogo, kipande cha pilipili hoho, pamoja na nyasi za kutosha. Hapendi kukaa peke yake, na joto humuumiza kama linavyomuumiza sungura. Wawili wa jinsia moja wanatosha.

Samaki wa mapambo hawang'ati na hawapaki nyumba manyoya. Bakuli dogo la mviringo, hata hivyo, ni jela. Samaki wa dhahabu hukua na huchafua maji haraka. Chombo kiwe kikubwa, na kila wiki sehemu ya maji, kiasi cha robo, ibadilishwe. Maji ya mfereji yenye klorini yakae kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kutumiwa. Mkichoka nao, wapeni watu wengine. Msiwamwage mtoni wala kwenye bwawa, kwa sababu samaki wa kigeni wanaweza kuzaana humo na kuwasonga wa asili.

Vifaranga hupendeza, na katika boma nyingi tayari wapo. Shida ni bakteria wa salmonela, ambao kuku mwenye afya njema kabisa hubeba kwenye kinyesi na manyoya. Mtoto wa chini ya miaka 5 hushika kifaranga, kisha hutia vidole mdomoni, na kuhara kwa mtoto wa umri huo si jambo dogo. Awatazame tu, asiwabusu wala kulala nao. Mkubwa akiwashika, aoshe mikono kwa sabuni mara moja. Kuku wanaolala jikoni au chumbani watafutiwe banda.

Paka

Paka hujilisha kwa sehemu, hufukuza panya, na huvumilia nyumba ndogo. Achukuliwe akiwa na wiki 8 au zaidi. Anayekimbilia watu na kukubali kushikwa atamfaa mtoto. Anayejikunyata pembeni akitoa makucha atakua hivyo hivyo. Mkague ngozi. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya huenda yakawa choa, ambayo huambukiza watoto upesi. Minyoo yake pia hupita kwa binadamu kupitia mchanga uliochafuliwa na kinyesi, kwa hiyo mahali watoto wanapochezea pafunikwe au pakaguliwe.

Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka. Kuna kimelea kiitwacho toksoplasma ambacho kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hakuna haja ya kumfukuza paka. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwingine, kila siku.

Jike asipofungwa uzazi atazaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na watoto wake ndio wanaoishia kutupwa sokoni ndani ya katoni.

Mbwa, na kichaa cha mbwa

Hapa naomba msomaji asiharakishe.

Kichaa cha mbwa kiliandikishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na kingali nasi. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa ndio huleta asilimia 99 ya maambukizi kwa watu, na Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mkakati wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030. Nguzo yake kuu ni chanjo: asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika.

Kwa mzazi, hii ina maana kwamba mtoto wa mbwa achanjwe anapofikisha miezi 3, kisha arudiwe kila mwaka. Paka naye achanjwe. Asiyejulikana alikotoka asiingizwe nyumbani moja kwa moja akachezewe na watoto, hata awe mdogo kiasi gani. Apelekwe kwanza kwa afisa wa mifugo, apewe na dawa ya minyoo.

Mtoto afundishwe kutomsumbua mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha, na kutokimbia mbwa asiyemjua anapomkaribia. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata yule mpole wa nyumbani.

Akiumwa, akikwaruzwa, au hata akilambwa penye kidonda, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyofikiri, kwa hiyo tazameni saa. Msipake pilipili, mafuta ya taa, udongo wala dawa yoyote ya kienyeji. Kisha mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo. Chanjo hutolewa kwa awamu, na wengi huacha baada ya sindano ya kwanza kwa sababu kidonda kimepona. Virusi havijali kidonda kupona. Mmalize zote.

Mbwa au paka aliyeuma asiuawe kwa hasira kama anaweza kufungiwa. Akijulikana, hutazamwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi kwenye mate siku alipouma. Ofisi ya mifugo ipewe taarifa. Mnyama anayebadilika tabia ghafla, awe mkali au mpole kupita kawaida, anayetoka mate, anayeshindwa kumeza au kutembea, asiguswe.

Jambo la mwisho hapa ni la kuzungumza na mtoto leo, kabla hajapata mnyama. Watoto huficha kuumwa. Huogopa kukemewa kwa kumchokoza mbwa, au huogopa mbwa wao atauawa. Mwambieni wazi, na mrudie: ukiumwa sema, hutapigwa. Sentensi hiyo inaweza kumwokoa kuliko dawa yoyote iliyo kabatini.

Wa porini waachwe porini

Kobe, kalunguyeye, komba, tumbili na kasuku si wanyama wa kufugwa nyumbani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inakataza kuwafuga bila kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, na adhabu zake ni nzito, zikiwemo kifungo. Kobe mdogo anayeuzwa kando ya barabara anaonekana hana madhara, lakini naye hubeba salmonela, na anaweza kuishi miaka mingi kuliko atakayemnunua. Sisi tunaoishi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke hukutana na wanyama hawa mara kwa mara. Akiwa mzima, aachwe aende zake. Akiwa amejeruhiwa, piga simu kwa KWS, usimpeleke nyumbani.

Kupata huduma

Ofisi za mifugo ziko katika kila kaunti ndogo, na maafisa wa wadi hupatikana kupitia ofisi hizo au kwa chifu. Ulizeni siku za chanjo katika eneo lenu kabla ya kusafiri. Mbwa aletwe na mtu mzima akiwa amefungwa kamba, si mtoto anayekokotwa naye. Paka awekwe ndani ya kikapu chenye kifuniko kilichofungwa vizuri, kwani wengi hupotea kwenye foleni. Sungura na simbilisi waletwe asubuhi mapema kabla ya jua kali. Kadi ya chanjo mtakayopewa itunzwe pamoja na kitabu cha kliniki cha mtoto, mahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua.